Ngazi iliyompandisha Doyle yazidi kubomoka

JASON Doyle alipotwaa ubingwa wa dunia wa mbio za pikipiki za spidiwei mjini Melbourne Oktoba 2017, alikuwa Mwaustralia wa sita kufikia hatua hiyo. Wote sita, kuanzia Lionel Van Praag aliyeshinda fainali ya kwanza uwanjani Wembley mwaka 1936, walikomaa katika ligi za Uingereza.

Katika mchezo huo waendeshaji wanne huzunguka mara nne njia ya udongo yenye umbo la yai, juu ya pikipiki za 500cc zisizo na breki. Mshindi hupata pointi tatu, wa pili mbili, wa tatu moja. Wa mwisho huondoka mikono mitupu, na kwa kuwa malipo ya ligi hufuata pointi, usemi huo si wa mafumbo.

Doyle, mzaliwa wa Newcastle katika jimbo la New South Wales, hakupita njia ya mkato. Alitumikia Isle of Wight, Rye House na Somerset, klabu za daraja la pili ambazo nje ya wapenzi wa mchezo huo hazina jina. Mwaka 2013 Somerset ilitwaa ubingwa wa daraja hilo naye akiwamo. Alikuwa na umri ambao wengine huanza kukata tamaa. Mwaka 2016, akiongoza mbio za ubingwa wa dunia, alianguka vibaya mjini Toruń, Poland, na taji likaenda kwa Mmarekani Greg Hancock. Mwaka uliofuata alilichukua akiwa na miaka 32, na msimu huohuo Swindon, klabu yake ya Uingereza, ikawa bingwa wa ligi.

Leo ngazi hiyo haipo. Rye House ilijitoa ligini mwaka 2018, Somerset ikafunga milango mwaka 2020. Swindon ilikimbia mara ya mwisho mwaka 2019, msimu ambao ilikuwa bingwa tena. Peterborough na Wolverhampton zilipoteza viwanja vyao mwishoni mwa 2023. Chanzo hujirudia: klabu nyingi ni wapangaji, na mwenye ardhi huona faida kubwa zaidi katika nyumba au mbio za mbwa.

Wapo wanaosema hakuna kilichopotea, kwa vile fedha nono ziko Poland. Hoja hiyo inasahau kwamba klabu kubwa za Poland hununua mtu aliyekwisha kuiva. Uingereza ndiko alikoivia, wiki baada ya wiki, mbele ya mashabiki wachache na kwa malipo madogo. Jack Young alikuwa mwendeshaji wa Edinburgh ya daraja la pili alipokuwa bingwa wa dunia mwaka 1951.

Doyle mwenyewe alijiunga na Ipswich mwaka 2022, Swindon ikiwa haina uwanja.