‘Jitihada za Kumpata Hazikuzaa Matunda’: Jitihada Zipi, Mwandishi Wetu?

Namba ya simu ilikuwa pale pale. Juu kabisa ya ukurasa wa Instagram, chini ya jina la duka, kwa sababu dada anauza magauni Kariakoo, na muuza magauni asiyeweka namba yake hadharani atakula nini? Ukiigusa tu, inaita.

Kijana aliyeandika stori yake hakuigusa.

Stori yenyewe wengi mliiona. Gari la staa mmoja wa Bongo Fleva (jina kapuni, ana kesi zake nyingine za kutosha) lilidaiwa kupaki nje ya lodge moja Sinza usiku wa manane. Chanzo kikarusha picha kwenye grupu la WhatsApp: staa kamshika mwanamke bega, wote meno nje. Saa mbili baadaye picha ikawa hewani kwenye onlaini TV moja ya hapa mjini, na kichwa cha habari chenye alama tatu za mshangao. Mchepuko wa staa huyu hapa, tena ni mke wa mtu! Chini yake aya sita, na ya mwisho ikafunga kwa ule mstari ambao kila mtu anaujua: “Jitihada za kumpata mwanamke huyo ili azungumzie madai hayo hazikuzaa matunda.”

Sasa sikia. Picha ni ya miaka miwili iliyopita, kwenye shoo pale Leaders Club. Aliyeshika simu na kuipiga ni mume wa huyo dada. Siku ile walikuwa mashabiki wawili kati ya umati, wakapanga foleni, wakapata picha yao, wakarudi nyumbani na bodaboda. Na lile gari la Sinza, hadi leo hakuna aliyesoma namba zake za usajili.

Mume aliijua picha, kwa hiyo ndoa haikuvunjika, kama kuna aliyekuwa anasubiri hilo. Lakini mama mkwe hakuijua. Wifi akaitupia kwenye grupu la familia bila neno, emoji tu ya macho. Kwenye kikoba dada alikuwa mweka hazina. Akaambiwa “apumzike kwanza” mpaka mambo yatulie. Duka likafungwa siku 11 kwa sababu waliokuwa wanaingia hawakuja kununua gauni, walikuja kumuona. Mtoto wake yuko darasa la tatu, na darasa la tatu siku hizi nao wana simu za mama zao. (Hili halikunyetishwa. Kijana mwenyewe kasema, dada kasema, na simu zao zote mbili zinaonyesha siku na saa.)

Hapo wadau mmeshaanza: makanjanja hao! Wafungiwe! Watu hawajasoma!

Kasoma. Hilo ndilo tatizo. Kijana yuko mwaka wa pili, diploma ya uandishi wa habari, chuo kimoja hapa hapa Dar, na alikuwa field. Muhula uliotangulia, kwenye somo la kuripoti na kuandika habari, alipata A. Na ukiisoma ile stori yake kwa jicho la mwalimu wake, A anastahili. Aya ya kwanza inajibu nani, nini, wapi, lini. Zito liko juu, jepesi chini. Kuna nukuu. Kuna “kwa mujibu wa chanzo”. Kuna mstari wa kubalansi mwishoni. Kila kitu kipo isipokuwa ukweli.

Ingia kwenye darasa lake uone A hiyo inavyopatikana. Kwenye slaidi, zile zile zilizorithishwa mwaka hadi mwaka: habari ni nini? Mbwa akimng’ata mtu si habari, mtu akimng’ata mbwa ndiyo habari. Darasa linaandika. Sifa za habari ni upya, ukaribu, umaarufu, mgongano, athari, maajabu. Linaandika. Piramidi iliyopinduliwa, ili mhariri akikosa nafasi ukurasani akate mkia na stori ibaki hai. Linaandika. Hayo yote ni sawa kabisa, ndiyo a-e-i-o-u ya kazi, na anayeyadharau ajaribu kuandika ajali ya basi bila kuyajua.

Noma inaanza kwenye zoezi. Mwalimu anaandika ubaoni: basi, lori, Barabara ya Morogoro, watu watatu, saa kumi na moja alfajiri, kamanda wa polisi. Geuza iwe habari. Wanafunzi wanapangua na kupanga, wanakusanya, wanasahihishiwa. Basi halipo. Kamanda hayupo. Waliokufa watatu wamezaliwa na kufa ubaoni ndani ya dakika 40. Muhula mzima unaisha hivyo, na kijana anahitimu somo la kuripoti bila kuripoti chochote. Alichojifunza ni kwamba taarifa huletwa ikiwa imeshaiva na kazi yake ni kupakua. Siku grupu la WhatsApp lilipoleta sufuria, alipakua.

Na ule mstari wa mwisho? Una alama zake mbili, zinaitwa usawa wa habari. Mwanafunzi akiandika “alipotafutwa kwa simu hakupatikana”, anapigiwa tiki. Hakuna anayemuuliza ulimpigia saa ngapi, namba ipi, iliita au ilikuwa imezimwa. Na atamuulizaje, wakati anayetafutwa ni kamanda wa kufikirika? Kanuni za maadili za Baraza la Habari Tanzania, chombo ambacho wanahabari wenyewe walikianzisha 1995, zinataka anayetuhumiwa apewe nafasi ya kujibu. Kijana anazijua, kazijibu kwenye mtihani wa maadili. Kwake nafasi ya kujibu ni sentensi inayowekwa mwishoni, kama “wako mtiifu” kwenye barua ya kuomba kazi.

Halafu kuna hili la lugha, ambalo watu hawalisemi kwa sauti. Darasani ni Kiingereza, vitabu Kiingereza, mtihani Kiingereza. Kazini, sehemu kubwa ya vyumba vya habari vya mjini hapa, ni Kiswahili. Kwa hiyo kijana kafundishwa kwa Kiingereza kwamba neno salama la kumnukuu mtu ni “alisema”, neno lisilo na chumvi wala limau. Akifika ofisini anakuta mtu hasemi tena. Anafunguka. Anatiririka. Anamwaga ubuyu, anatoboa siri, anavunja ukimya. Mtu kasema tu “mimi sijambo”, kesho anaandikwa amefunguka kuhusu afya yake. Nani alikaa naye chini kumwonyesha kwamba “alifunguka” ni tuhuma, kwamba inamwambia msomaji kulikuwa na kitu kimefichwa? Hakuna, maana hilo darasa kwa Kiswahili halipo. Udaku ndio uliomfundisha Kiswahili cha kazi, bure.

Sheria nayo imeongeza msongamano mlangoni. Tangu Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kanuni zake za 2017, sharti ni elimu, angalau diploma. Wakongwe waliojifunza kazi kwa kutumwa na kufokewa wakajikuta wanarudi darasani kukaa na watoto wa rika la watoto wao. Nia inaeleweka. Kanjanja wa zamani, yule mwenye notibuku tupu anayeibuka kwenye kila hafla kusubiri bahasha, aliichafua kazi, na diploma ilitakiwa iwe uzio. Ila ni uzio gani huu ambao kanjanja anauruka kwa kulipa ada kwa awamu?

Tuseme ukweli wa upande wa pili pia, maana ndiyo mada yenyewe. Wakufunzi wana la kusema, na si uongo. Darasa lina watu 90. Kompyuta zinazowaka ni chache, kamera imefungiwa kabatini na mwenye ufunguo kasafiri. Mkufunzi huyo huyo ana masomo matatu na chuo kingine jioni, kwa sababu mshahara unachelewa. Kusahihisha stori 90 za kweli, kila moja na watu wake na simu zao, si mchezo. Kusahihisha stori 90 za basi moja la kufikirika, majibu yote yanafanana, unamaliza kwenye foleni ya daladala.

Lakini kazi hii haihitaji kamera ya kabatini. Kila mwanafunzi pale ana simu, nyingine kali kuliko ya mkuu wa chuo. Nauli kwenda Kariakoo na kurudi wanaipata. Watume mchana mmoja, warudi na stori moja ya bei ya nyanya, ndani iwe na watu watatu: jina kamili, umri, anachofanya, namba ya simu. Kesho yake mkufunzi asimame mbele ya darasa, achomoe karatasi tano bila kuchagua, apige hizo namba kwa spika. “Samahani mama, mwanafunzi wetu alikuja kuongea na wewe jana? Uliyosema ndiyo haya?” Papo hapo utajua nani aliripoti na nani alikaa kivulini akatunga. Wakishuhudia hivyo mara tatu hawatahitaji slaidi ya usawa wa habari. Na wala si ndoto za Ulaya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Mlimani TV na Mlimani Radio, SAUT kule Mwanza kuna redio ya chuo, mwanafunzi anaweza kuonja hewani huku mwalimu yuko karibu. Vyuo vya uchochoroni vinavyobandika picha ya mrembo mwenye maiki kwenye bango vinakosa hata gazeti la ukutani.

Field ndiyo ilitakiwa iwe dawa. Kijana alifika ofisini, vyumba viwili juu ya duka la vipuri, wiki ya kwanza akawa wa kufuata chapati. Wiki ya pili akapewa maiki yenye nembo, akapiga selfie, nyumbani kijijini wakashangilia. Wiki ya tatu akaambiwa alete stori tano kwa siku. Hakulipwa, bando lake, nauli yake. Mkufunzi wa chuo alikuja mara moja kumkagua. Akasaini kitabu, akapiga naye picha mbele ya nembo, akaondoka. Hakuuliza aone hata stori moja. Na yule bosi aliyeitoa picha hewani, yeye maneno yake yalikuwa mawili tu: “Wahi, wataturuka.”

Bosi huyo alijua anachofanya. Stori ikiwika, mapato ni ya ofisi. Stori ikileta polisi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu chake cha taarifa za uongo, na hapo itakumbukwa haraka sana kwamba aliyeandika ni “mtoto wa field”. Safari hii kijana aliokolewa na kitu kimoja: juu ya stori iliandikwa Na Mwandishi Wetu.

Na wewe uliyeigusa ile picha saa sita usiku, ukaandika “wanawake bwana”, ukamtumia na shoga yako, usijifanye umekuja kusoma tu. Zile stori tano kwa siku zinapikwa kwa ajili yako.

Siku nne baada ya stori kutoka, watazamaji bado wanamiminika, bosi akataka sehemu ya pili. Kijana akaingia kwenye ukurasa wa dada, akaigusa ile namba. Iliita mara mbili. Dada akapokea kwa sauti ya dukani, akidhani kapata mteja, wa kwanza tangu Jumatatu: “Haloo, karibu mpenzi.” Kijana akajitambulisha, jina na kituo, vizuri kama alivyofundishwa. Kimya. Halafu dada akauliza, taratibu tu, “Kumbe namba yangu unayo?” Akakata.

Saa moja baadaye sehemu ya pili ilikuwa hewani. Aya ya mwisho ilisomeka: “Alipotafutwa kwa njia ya simu ili kutoa ufafanuzi, mwanamke huyo alipokea na kukata.”

Ripoti ya field imesharudi chuoni. Kapata A.