TANGI LA HEWA HALITIWI KIRAKA



Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nyumba maneno hayo ni kweli. Kwa tangi la hewa yanaweza kuua mtu.

Sisi wa upande wa Giteranyi, huko Muyinga, tunazijua sana kompresa. Ndizo zinazojaza matairi ya malori yaingiayo kutoka Tanzania kwa njia ya Kobero, na ndizo zinazopuliza vumbi kwenye mashine zetu. Hivi karibuni, katika karakana moja ya kwetu, tangi lilianza kuvuja ubavuni. Msimamizi akaamuru lichomelewe kiraka, kazi iendelee. Mwenzetu alipositasita aliambiwa kuwa wanaotafuta kazi ni wengi. Kiraka kikachomelewa, na mpaka leo watu wanafanya kazi kando ya tangi hilo.

Tuseme wazi: kuvuja ni kwa namna mbili. Hewa ikitoka kwenye vali, kwenye geji au kwenye maungio, hiyo ni kazi ya fundi. Zima mashine, toa hewa yote mpaka geji isome sifuri, badili mpira uliochakaa, funga, kisha paka povu la sabuni uone kama bado panatoa mapovu. Lakini hewa ikitoka kwenye bati lenyewe la tangi, hilo ni jambo jingine. Hewa iliyobanwa huacha maji, maji hukaa chini ya tangi, na kutu hula chuma kutoka ndani. Kitundu kimoja unachokiona nje kinakuambia kuwa chuma cha jirani nacho kimekwisha. Moto wa kuchomelea haurudishi unene ulioliwa na kutu.

Tupige hesabu. Presha ya bar 8 husukuma kila sentimita mraba kwa uzito wa zaidi ya kilo 8. Basi kipande cha bati cha sentimita 30 kwa 30 kinasukumwa kwa uzito wa zaidi ya tani 7. Huo ndio mzigo ulio karibu na kifua cha fundi kila siku.

Tazameni sasa mambo ya michezo. Bastola ya hewa ya kulengea shabaha, ile ya mita 10 katika Olimpiki, ina mtungi mdogo unaojazwa hewa hadi bar 200 hivi. Mpira wa vali ukivuja, hubadilishwa. Mwili wa mtungi hauchomelewi. Tena mtungi una muda wake, kwa kawaida miaka 10. Ukifika huwekwa kando hata kama unang'aa, na ni wajibu wa mshindani kuhakikisha haujapitwa na muda. Hatuwaonei wivu wanamichezo. Tunauliza tu: ikiwa mtungi wa mchezo una tarehe, kwa nini tangi linalolisha watoto wetu halina?

Watasema tangi jipya ni ghali. Ni kweli, na karakana ikifungwa sisi ndio wa kwanza kukosa mshahara. Lakini tangi linanunulika, jicho halinunuliki. Nasi tujikosoe: wangapi kati yetu hufungua koki ya chini kila jioni kutoa maji? Wangapi wamefunga vali ya usalama kwa waya ili isiwasumbue? Hatuwezi kumdai mwajiri huku tukijichimbia kaburi wenyewe.

Basi tunadai haya. Kila tangi liandikwe tarehe ya kutengenezwa na ya kukaguliwa. Lipimwe nguvu kwa maji, siyo kwa hewa, kwa kuwa maji hayalipuki kama hewa bati likipasuka. Tangi lililotoboka bati liondolewe kazini. Na mfanyakazi anayekataa kulikaribia asiadhibiwe. Hilo si ombi la huruma. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka alindwe mfanyakazi anayejiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu. Mwaka 2022 shirika hilo, ambalo Burundi ni mwanachama wake, liliingiza usalama kazini katika haki za msingi.

Mmoja wetu akikataa peke yake atafukuzwa. Tukikataa sote, tangi ndilo litakaloondoka. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha kompresa, litazameni tangi lenu pamoja.