SAFU YA MWALIMU: Damu si maji ya ndoo

Mwezi huu hesabu tumeiweka pembeni kidogo, sababu kuna jambo limetupata darasani.

Mwanafunzi wetu mmoja wa darasa la tatu alishikwa na malaria. Siku ya nne tukasikia amelazwa, viganja vimekuwa vyeupe, damu imepungua sana. Ndugu wakaambiwa walete mtu wa kutoa damu. Baba yake mdogo, mwanaume mwenye nguvu zake, akakataa: "Damu niliyozaliwa nayo ni hii hii. Nikiitoa, mimi nitabaki na nini?" Tusimcheke. Sisi walimu tulipoulizwa nani ataenda, tulitazamana tu.

Jioni tukafungua kitabu cha biolojia cha sekondari. Kumbe jibu tulilifanyia hadi mtihani, tukalisahau!

Damu ya mtu mzima ni kama lita 5, lakini si ile aliyozaliwa nayo. Chembe nyekundu moja huishi siku kama 120 tu, halafu inakufa na nyingine inachukua nafasi yake. Kila sekunde mwili unatengeneza chembe nyekundu mpya zaidi ya milioni 2. Hata sasa unaposoma hapa, kazi inaendelea.

Zinatengenezwa wapi? Ndani ya mifupa, kwenye uboho, ile laini tunayoifyonza tukila nyama. Kwa mtoto mchanga karibu mifupa yote inafanya kazi hii. Kwa mtu mzima imebaki zaidi kwenye nyonga, mbavu, mfupa wa kifua, uti wa mgongo na fuvu.

Humo mna chembe mama. Zinajigawa: nyingine zinabaki mama, nyingine zinashika kazi yao. Kuna zinazokuwa chembe nyeupe, askari wa kupigana na magonjwa. Kuna zinazotoa chembe sahani, za kuziba kidonda kisivuje. Na kuna zinazokuwa chembe nyekundu, za kubeba oksijeni. Hizi hukomaa kwa muda wa kama wiki moja, na kabla ya kutoka hutupa kiini chao, zikabaki zimejaa ile rangi nyekundu.

Msimamizi ni figo. Ikiona oksijeni imepungua, inatuma ujumbe kwenye uboho: ongezeni kazi! Lakini fundi bila matofali atajenga nini? Matofali ya damu ni madini ya chuma na vitamini. Kwa hiyo mama, sombe, lengalenga, maharage na ndagala usiwanyime watoto. Limao kidogo au chungwa husaidia chuma kuingia mwilini. Chai tusinywe pamoja na chakula, inazuia.

Tena tujue wezi wa damu. Malaria inapasua chembe nyekundu haraka kuliko uboho unavyoweza kuzirudisha, ndiyo maana mtoto anaishiwa damu kwa siku chache. Minyoo ya safura nayo inanyonya polepole. Basi chandarua ni cha kulalia, si cha kufugia kuku. Viatu tuvae tukienda chooni. Na mtoto mwenye homa apelekwe siku ile ile.

Sasa, kutoa damu. Wanachukua kama mililita 450. Majimaji yake yanarudi ndani ya siku moja au mbili, na chembe nyekundu ndani ya wiki chache. Hapa Tanzania mwanaume anaweza kurudia baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4. Anayetoa awe na miaka 18 au zaidi na kilo zisizopungua 50, na anapimwa kwanza. Mama mjamzito au anayenyonyesha hatoi.

Asubuhi tulimwendea baba mdogo na kitabu mkononi. Alisikiliza, akauliza maswali mengi, mwisho akasema, "Twendeni." Mmoja wetu naye alitoa. Mtoto amesharudi darasani, anapiga kelele kama zamani. Baba mdogo naye analima kama kawaida, hakuna kilichopungua kwake.

Zoezi la nyumbani: mtoto amwonyeshe mzazi kwa kidole mifupa mitano inayotengeneza damu ya mtu mzima. Mzazi asiyeijua, asome tena hapo juu!

Tuonane mwezi ujao.