Mama Katekista na Kiti cha Halmashauri

Huku milimani Bijombo, vita vikifunga njia, padiri hukawia kufika. Siku hizo, mara nyingi ni mama anayekusanya shirika kusali Dominika. Ndiye ajuaye mjane yupi amelala njaa. Lakini katika parokia moja niliyohudumu, halmashauri ilipokutana, mama katekista alitumwa jikoni, nasi wanaume tukaamua juu ya wagonjwa ambao yeye peke yake alikuwa amewatembelea. Nami nilinyamaza.

Tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko aliiweka rasmi huduma ya katekista kwa walei, wanaume kwa wanawake. Paulo naye alimtambulisha Fibi, mhudumu wa Kenkrea, kwa Wakristo wa Roma. Basi mtakapochagua viongozi, msimpigie mama makofi tu: mpeni kiti, daftari la hesabu, na posho ileile apewayo mwanamume.