Ngozi Kuukuu na Uaminifu wa Fundi

Baridi ya Juni na Julai katika nyanda za juu za kusini haina huruma. Ndiyo maana hapa Tunduma, mji wetu unaotazamana na Nakonde ya Zambia, dereva wa lori na mwendesha pikipiki hulithamini koti la ngozi la mtumba. Mara nyingi koti hilo humfikia mnunuzi limefifia mabegani na kuchubuka viwikoni. Hapo fundi huhitajika, na hapo hadaa nayo hupata mlango.

Hadaa tunayoilaani ni ya kupaka dawa ya viatu juu ya uchafu ili koti ling'ae siku ya mauzo. Mvua ikinyesha, rangi huhamia kwenye shati la mvaaji. Wahenga walinena: kipya kinyemi ingawa kidonda. Lakini kidonda hiki kimenunuliwa kwa jasho la mtu.

Ufundi wa haki una taratibu zake. Ngozi hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni isiyo kali, wala hailowekwi. Hukaushwa kivulini, kwani jua kali huifanya ngumu. Rangi ya ngozi hujaribiwa kwanza mahali pasipoonekana, kisha hupakwa kwa sponji, tabaka jembamba juu ya jingine, kila moja likisubiri kukauka. Mwisho huja tabaka la kuikinga rangi, na baadaye mafuta ya kulainisha. Ngozi bandia inayobanduka haina tiba hiyo, na fundi mwaminifu hulisema hilo kabla ya kupokea fedha. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanaonunua makoti haya bara wakumbuke pia kwamba unyevu wa pwani huleta ukungu. Koti litundikwe penye hewa, lisifungiwe ndani ya nailoni.

Wako watakaosema kwamba mtumba haustahili kupewa heshima hii. Ni kweli kwamba mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuondoa hatua kwa hatua nguo na viatu vilivyotumika, ili viwanda vyetu vikue. Shinikizo la Marekani kupitia mpango wa AGOA lililegeza azimio hilo. Hata hivyo twauliza: viwanda hivyo, kikiwamo kile cha ngozi cha Karanga, Moshi, kilichozinduliwa mwaka 2020, vitapata wapi mikono stadi? Anayejua kuihuisha ngozi kuukuu amekwisha kujifunza sehemu ya kazi ya kutengeneza mpya.

Kwa hiyo twawataka viongozi wa Mkoa wa Songwe wasimtazame fundi huyu kama mchafuzi wa mitaa. VETA na SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, zimfikie kwa mafunzo na vifaa. Naye muuzaji atamke wazi kwamba koti limepakwa rangi upya. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.