SARAFU YA JIRANI KATIKA CHENJI YETU

Ndugu wanafunzi, sisi wa Karagwe na Kyerwa hatuna haja ya kusafiri ili tuione fedha ya kigeni. Hutufuata dukani. Mtoto hutumwa chumvi na sabuni, akirudi na chenji hukutwa mna sarafu ya Uganda, na pengine faranga ya Rwanda.

Sababu yake inajulikana. Kyerwa, iliyokuwa sehemu ya Karagwe hadi mwaka 2012, inapakana na Uganda na Rwanda, na pale Murongo ni Mto Kagera tu unaotutenganisha na Kikagati. Watu wakivuka kuuziana ndizi na maharage, sarafu nazo huvuka.

Wazee wetu waliikuta hali nyingine. Kuanzia mwaka 1921 shilingi moja ya Afrika Mashariki ilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika, hivyo sarafu ya ng'ambo ya mto ilikuwa ndiyo hiyo hiyo ya hapa. Mwaka 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kutoa shilingi yetu wenyewe. Mwaka 2013 nchi za Jumuiya zilitia saini mjini Kampala itifaki ya kurudia sarafu moja ifikapo 2024. Mwaka huo umepita bila ya sarafu hiyo, na sasa unatajwa mwaka 2031. Kwa hiyo leo jina "shilingi" ni moja, lakini thamani ni mbili.

Kwa viwango vya miaka hii, shilingi 1,000 za Uganda hazifikii shilingi 800 za Tanzania. Anayepewa 500 ya Uganda badala ya 500 yetu amepunjwa zaidi ya shilingi 100. Faranga 100 ya Rwanda ni kinyume chake, kwani inazidi shilingi 100 zetu; hapo anayepunjwa ni mtoaji.

Wengi wetu tukiikuta sarafu hiyo husema: "Nami nilipewa hivyo hivyo," kisha tunaipenyeza katikati ya nyingine. Hoja hiyo tunaikataa. Aliyedhulumiwa hapati ruhusa ya kumdhulumu wa tatu. Tena tukichunguza, sarafu hiyo haipelekwi kwa mwenye duka mwenye macho makali. Hupewa bibi anayeuza ndizi magengeni jioni, au mtoto asiyejua kusoma. Na wapo wanaoitumbukiza katika sanduku la sadaka kwa kuwa imekosa pa kwenda! Sura ya 83, ambayo sote tunaihifadhi katika Juzuu Amma, imepewa jina la wapunjaji, nasi hatukuihifadhi kwa ajili ya mtihani tu.

Hatusemi kuwa fedha ya jirani ni haramu. Fiqhi inatufundisha kuwa fedha za aina mbili zinaweza kubadilishwa kwa kiwango wanachokubaliana wenyewe, mradi makabidhiano yawe papo hapo, mkono kwa mkono. Ubaya ni kuficha. Hata hivyo, kulipia bidhaa za hapa kwa fedha za kigeni kumekatazwa na kanuni za Serikali za mwaka 2025; kwa hiyo mahali pa sarafu hiyo ni kwa mbadilishaji, au mkononi mwa msafiri anayekwenda ng'ambo.

Basi tushauriane haya:

1. Tuhesabu chenji mbele ya muuzaji. Sarafu yetu ina maneno ya Kiswahili na sura ya kiongozi wa Taifa. Ya Uganda ina nembo ya nchi yao na maneno ya Kiingereza.

2. Tukiiona ya kigeni, tuirudishe kwa adabu papo hapo, bila ya kumtuhumu muuzaji, kwani huenda naye hakuiona.

3. Tukiigundua tumeshafika nyumbani, tuiweke kando mpaka apatikane anayeihitaji, naye aambiwe wazi ni ya nchi gani.

Hasara ya shilingi mia na ushei tunaweza kuistahimili. Uaminifu ukipotea magengeni, hakuna mbadilishaji wa kutuuzia mwingine.