Talaka Si Vita: Mke Asitundikwe, Mtoto Asifanywe Silaha



Kijiji kama Matondoni, kila mtu anamjua mwenzake. Mume na mke wakigombana, kabla ya Alasiri habari ishafika kwenye majahazi. Lakini tatizo si watu kujua. Tatizo ni pale ndoa inapovunjika na kila upande ukajipanga kama unaenda vitani. Mume: "Simwachi, na simlishi." Mke: "Basi na watoto huwaoni." Jamaa wananuniana, na mtoto ndiye anayetumwa kupeleka maneno.

Ndugu yetu mwanamume, kumtundika mke, hana mume wala hana talaka, ni dhulma. Suratul Baqara aya ya 231 inakataza waziwazi kumzuia mke ili kumdhuru. Na wewe dada, hasira zako kwa mume si ruhusa ya kuwanyima watoto baba yao. Katiba yetu, kifungu cha 53, inawapa mama na baba wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la.

Njia ipo. Kwanza msuluhishi mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke, kama tulivyoelekezwa katika Suratun Nisaa aya ya 35. Wawe watu wa kupatanisha, si wa kuja kushangilia mtu wao!

Ikishindikana, nendeni kwa Kadhi, Lamu. Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kinaipa mahakama hiyo uwezo wa kuamua mambo ya ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Mke halazimiki kungoja huruma ya mume. Anaweza kuomba khului, au Kadhi akaivunja ndoa kwa fasakhi, madhara au kukosa matumizi yakithibiti. Na talaka ikishatolewa, isajiliwe, cheti kipatikane. Neno la mdomoni hukanwa kesho.

Mkikomoana, kesi huahirishwa. Kila ikiahirishwa ni nauli nyingine na siku nyingine ya kazi imepotea: fundi hakugusa jahazi, mama hakushika ukili. Anayekula hasara hiyo ni yule yule mtoto mnayemgombania.

Mume na mke huachana. Baba na mama hawaachani na mtoto. Mfikishie mwenzako ujumbe huu.